Kufunga chuma cha kuvutia tela kwenye SUV ukiwa nyumbani: mwongozo kamili

Chuma cha kuvutia tela kinachotengenezwa kwa ajili ya gari lako hakichomelewi. Kinafungwa kwa bolti, kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaacha tangu gari linaundwa. Chuma kinene kilichochomelewa kwenye bampa au kwenye bati la sakafu huonekana imara gari likiwa limesimama. Tela lenye mzigo likianza kurukaruka barabarani, nguvu yote huishia kwenye bati jembamba lisilotengenezwa kuvuta kitu, na joto la kuchomelea limeshaunguza rangi ya kinga upande wa ndani, mahali ambapo kutu huanza bila mtu kuiona. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu chuma cha bolti peke yake. Ni kazi ya watu wawili kwa siku moja, na anayejua kushika spana anaiweza, ilimradi asikimbize sehemu ya umeme.

Magari ya aina hii yamegawanyika makundi mawili. Kuna yenye chasisi inayojitegemea chini ya bodi, kama Prado, Land Cruiser, Fortuner na Patrol. Kuna na yale ambayo bodi yenyewe ndiyo chasisi, kama Forester, X-Trail, RAV4 na CX-5. Kundi la pili ndilo lenye kazi nyingi, kwa sababu bampa lazima ling'olewe, kwa hiyo tutalikalia zaidi. Wenye Prado wataona sehemu yao mbele, nayo ni fupi.

Kabla ya kununua chochote

Anza na uzito. Kitabu cha gari kina takwimu mbili: uzito wa tela lenye breki zake na uzito wa tela lisilo na breki. Gari lililotoka Japani linaweza kuja na kitabu kisichotaja kuvuta kabisa. Hapo tafuta takwimu za gari hilohilo lililouzwa Ulaya au Australia, lakini lenye injini ileile na giaboksi ileile. Giaboksi ndiyo inayobadilisha hesabu. SUV nyingi ndogo zina giaboksi ya CVT (ya otomatiki isiyo na gia za hatua), na mafuta yake hupata moto haraka kwenye mlima mrefu, kiasi kwamba gari lenye CVT mara nyingi huruhusiwa kuvuta uzito mdogo kuliko ndugu yake mwenye giaboksi ya mkono. Kufunga chuma kikubwa hakuongezi uwezo wa gari hata kilo moja.

Chuma cha kweli kina kibati chenye maandishi. Vile vilivyopita ukaguzi wa Ulaya vina herufi E na namba ndani ya duara, kisha D na S. S ni uzito unaoruhusiwa kukandamiza kichwa cha kuvutia (ile tufe ambayo tela hushikia) kwenda chini, kwa kilo. D ni nguvu ya kuvuta, kwa kilonewtoni, na unaweza kuikokotoa mwenyewe: zidisha uzito wa juu wa gari likiwa limejaa kwa uzito wa tela (vyote kwa tani), gawanya kwa jumla ya uzito huo miwili, kisha zidisha kwa 9.81. Gari la kilo 2,000 na tela la kilo 1,200 linatoa hivi: 2.0 mara 1.2 ni 2.4; gawanya kwa 3.2 unapata 0.75, mara 9.81 ni karibu 7.4. Chuma chenye D chini ya 7.4 hakifai kwa safari hiyo. Kisicho na kibati wala karatasi, kiache dukani.

Unapoagiza, tumia namba ya chasisi, siyo jina la gari na mwaka. Forester ya SH5 na ya SJ5 zina bampa tofauti na matundu tofauti, ingawa zote mbili ni Forester. Hakikisha pakiti ina chuma chenyewe, bolti zote zenye namba 8.8 au 10.9 kichwani (ndiyo daraja la uimara wake), nati, wosha, vibati vya kuegemea, na karatasi ya maelekezo. Karatasi hiyo ina uzito kuliko maelezo yoyote, pamoja na haya: pale inapotofautiana na mwongozo huu, fuata karatasi.

Cha mtumba si kibaya, ila kikague. Kilaze kwenye sakafu ya saruji iliyosawazishwa uone kama kinayumba. Tazama matundu: tundu lililogeuka kuwa yai maana yake bolti zililegea na chuma kikacheza. Safisha kwenye mishono ya kuchomelea kwa brashi ya waya utafute nyufa. Kisha pima kichwa cha mviringo kwa kalipa. Kipya kina kipenyo cha mm 50; kilichofika mm 49 popote pale kimekwisha. Bolti za zamani usizirudie, nunua mpya za daraja lilelile.

Hapa kuna jambo linaloharibu magari mengi. Bolti za magari ya Kijapani zina meno ya karibukaribu: M10 yenye nafasi ya mm 1.25, na M12 yenye nafasi ya mm 1.25. Bolti za kawaida za dukani ni M10 ya 1.5 na M12 ya 1.75. Kwa macho zinafanana. Ukiingiza ya dukani kwenye nati iliyochomelewa ndani ya gari, itaingia mizunguko miwili, itakaza, utaongeza nguvu, na meno ya nati yataisha. Nati hiyo iko ndani ya boriti iliyofungwa, huwezi kuibadilisha bila kukata. Kanuni ni rahisi: bolti yoyote lazima iingie kwa vidole angalau mizunguko mitano. Ikikataa, itoe na ujue sababu kabla ya kushika spana. Dalili nyingine ni kichwa cha bolti: M10 ya Kijapani hutumia spana ya 14 na M12 hutumia ya 17, wakati za kawaida hutumia 16 au 17, na 18 au 19.

Vifaa

Boksi spana yenye 10, 12, 14, 17 na 19 pamoja na mkono mrefu, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza, kwa Nm) inayofika angalau Nm 150, jeki na stendi mbili, bisibisi, kipande cha plastiki ngumu cha kung'olea klipu, brashi ya waya, tapu ya M10×1.25 na M12×1.25 ya kusafishia meno; mafuta ya kulegeza kutu; rangi ya kuzuia kutu; tepu ya karatasi; msumeno wa meno madogo; drili. Kwa umeme: maltimita, balbu ya wati 21 iliyounganishwa na waya mbili, koleo la kubania vichwa vya waya, mirija ya plastiki inayosinyaa kwa moto, na waya wa milimita za mraba 1.5 na 2.5. Nunua pia klipu za bampa kama kumi za akiba. Klipu za gari la miaka kumi na tano huvunjika hata ukizibembeleza.

Kutoa bampa

Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu ya mbele, subiri ekzosi ipoe. Kazi nyingi hufanyika magurudumu yakiwa chini. Ukiinua nyuma, gari likae juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake.

Bandika tepu ya karatasi kwenye kona za bodi zinazokutana na bampa, maana rangi huchubuka hapo. Toa taa za nyuma. Kila moja mara nyingi ina bolti mbili za spana ya 10 zinazoonekana ukifungua buti, kisha huvutwa moja kwa moja kuelekea nyuma. Ukiivuta kwa pembeni unavunja pini zake za plastiki. Chini ya taa mara nyingi kuna skrubu ya bampa iliyojificha. Nyingine ziko kwenye upinde wa gurudumu, ukingoni mwa mlango wa buti, na chini kabisa ya bampa. Hesabu ulizotoa na uziweke kwenye karatasi yenye mchoro wa bampa, kila moja mahali pake.

Skrubu zikiisha, anzia kwenye upinde wa gurudumu: vuta bampa kuelekea nje, lisikie likiachia kipande kwa kipande hadi kwenye kona. Fanya upande mmoja, kisha wa pili, halafu mwenzako ashike upande wake na mlivute pamoja kuelekea nyuma. Simameni likitoka kidogo tu. Ndani kuna waya za taa za namba, za taa za ukungu au za vihisi vya kuegeshea, zifungue kwanza. Likikataa kutoka, kuna skrubu umeisahau. Bampa halihitaji nguvu nyingi kutoka, na linalovutwa kwa nguvu huchanika.

Boriti na chuma chenyewe

Nyuma ya bampa utakuta sponji ngumu na boriti ya chuma au alumini iliyofungwa kwa bolti kwenye ncha mbili za miundi ya gari, yaani zile nguzo mbili za chuma zinazolala chini ya gari kutoka mbele kwenda nyuma. Kwenye magari mengi ya kundi hili, chuma cha kuvutia kinachukua nafasi ya boriti hiyo: mikono yake miwili inaingia ndani ya miundi au kukaa chini yake, na sehemu ya kati inakuwa ndiyo boriti mpya. Karatasi itasema kama ya zamani inarudi au haitumiki tena. Isiporudi, ihifadhi, siku ukitoa chuma cha kuvutia lazima irudi, kwa sababu gari lisilo na boriti halina kinga yoyote likigongwa nyuma.

Sailensa ya nyuma ikizuia njia, ishushe kwa kuitoa kwenye raba zake. Raba hutoka kwa urahisi zikilowa maji ya sabuni. Usitumie mafuta, yanazivimbisha na kuzilegeza. Ishikilie sailensa kwa kamba, isining'inie na kupinda bomba la mbele.

Sasa safisha mahali chuma kitakapokutana na gari. Lami ya kinga, matope na rangi iliyovimba viondoke, kwa sababu ndivyo vinavyolegeza bolti baadaye: bolti inakazwa juu ya tabaka laini, tabaka linabanwa taratibu kila tela linapovuta, na baada ya wiki chache bolti iliyokuwa imekaza haijakaza tena. Bati tupu lililobaki lipake rangi nyembamba ya kuzuia kutu na uiache ikauke kabisa. Pitisha tapu kwenye meno ya nati kwa mkono, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, ukitoa uchafu. Meno yasitiwe mafuta kama karatasi haijasema. Bolti yenye mafuta hujivuta zaidi kwa torki ileile na inaweza kuzidi uwezo wake.

Kuna matundu ambayo hayana nati ndani, na muundi umefungwa pande zote. Hapo bolti hupitishwa kwa waya. Chukua waya mgumu, zungushia ncha yake kwenye meno ya bolti kama springi, ingiza ncha ya pili kupitia tundu kubwa la ukaguzi na uitokeze kwenye tundu la bolti. Valisha kibati cha kuegemea kwenye waya, sukuma kibati na bolti ndani, kisha vuta waya taratibu hadi bolti ichungulie. Usiondoe waya mpaka chuma kimepita na nati imeshika, maana bolti ikirudi ndani utaitafuta jioni nzima.

Chuma kina uzito wa kilo 15 hadi 30. Mmoja ashike, mwingine aingize bolti, zote kwa vidole kwanza. Usikaze hata moja mpaka zote zimeingia. Tundu moja lisipokaa sawa, mara nyingi upande wa pili umekazwa mapema. Legeza zote, tikisa, jaribu tena. Likikataa kabisa, pima umbali wa miundi yako miwili ulinganishe na chuma. Gari lililowahi kugongwa nyuma huwa na muundi uliopinda, na hilo ni suala la kunyoosha bodi. Kupanua tundu kwa grainda hakulitibu.

Zikishaingia zote, pima kutoka kichwa cha kuvutia hadi kila upande wa gari kiwe katikati, kisha kaza kwa awamu mbili: kwanza nusu ya torki, ukipokezana kushoto na kulia, halafu torki kamili. Kama karatasi imepotea, hizi ni torki za kawaida kwa bolti kavu za 8.8: M8 Nm 25, M10 Nm 45 hadi 50, M12 Nm 80 hadi 85, M14 Nm 130 hadi 135. M12 ya 10.9 hufika Nm 115 hadi 120. Kichwa chenye kibati cha matundu mawili yaliyoachana mm 90 hufungwa kwa bolti za M16 za 8.8, karibu Nm 200, ambayo spana ndogo ya torki haifiki, azima kubwa. Kila bolti iliyokamilika ichore mstari wa rangi kutoka kichwani hadi kwenye chuma. Siku ikizunguka, mstari utakuwa umekatika.

Urefu unaotakiwa Ulaya, kutoka ardhini hadi katikati ya kichwa gari likiwa limejaa, ni mm 350 hadi 420. Kikizidi hapo tela huinua pua na kuegemea nyuma, na hilo ndilo linalolifanya liyumbe.

Wenye Prado na ndugu zake

Kwenye chasisi inayojitegemea, chuma hukaa chini ya miundi miwili ya nyuma au juu ya boriti ya nyuma ya chasisi, na bampa mara nyingi halihitaji kutoka. Kikwazo kikubwa ni gurudumu la akiba kama liko chini ya gari: lishushe kabla ya kuanza, na baada ya kumaliza hakikisha linapanda na kushuka bila kugusa chuma. Kusafisha, kuingiza kwa vidole na kukaza kwa awamu ni vilevile.

Kukata bampa

Pima mara mbili kutoka katikati ya bampa, bandika tepu, chora. Toboa kona za mchoro kwa keekee ya mm 8 hadi 10 kabla ya kukata. Tundu la mviringo huzuia ufa usitambae. Kata kwa msumeno wa meno madogo, ndani ya mstari, kisha malizia kwa msasa. Grainda inayeyusha plastiki na kuacha ukingo wa kuchuruzika. Kata sponji pia pale inapogusa chuma. Usirudishe bampa bado, umeme haujaingia.

Umeme

Ng'oa kichwa hasi cha betri kwanza. Usiunganishe taa za tela moja kwa moja kwenye waya za taa za gari. Kwenye magari yenye kompyuta inayosimamia taa, mzigo wa ziada huleta hitilafu kwenye dashibodi au kuunguza kitengo cha taa. Kwenye ya zamani huongeza kasi ya indiketa na kuchosha fyuzi. Tumia kisanduku cha rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme) cha tela. Chenyewe kinasikiliza waya za gari kwa umeme mdogo sana, kisha kinawasha tela kwa umeme wake kutoka betri.

Hesabu ya fyuzi: indiketa mbili za wati 21, breki mbili za wati 21, taa ndogo mbili za wati 5 na ya namba wati 5, jumla wati 99. Kwa volti 12 ni zaidi kidogo ya ampea 8. Fyuzi ya 15 inatosha, na ikae karibu na betri, chini ya sentimita 30. Waya wa kutoka betri uwe milimita za mraba 2.5, upite mbali na ekzosi na ndani ya mrija wa kinga.

Tafuta waya za taa kwa maltimita, mwenzako akiwasha moja moja. Ingia ndani ya gari kupitia raba iliyopo kwenye bati, toboa raba, usitoboe bati. Waya wa nje ujipinde kuelekea chini kabla ya kuingia, ili maji yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Viunganishi vile vya kubana vinavyotoboa ganda la waya havifai nje. Maji yanaingia, shaba inakuwa kijani, na taa zinakufa moja moja. Bana au chomelea kwa risasi na ufunike kwa mrija wa kusinyaa.

Soketi ya pini saba ya mtindo wa Uingereza na Ulaya imepangwa hivi:

1 – njano, indiketa ya kushoto
2 – bluu, taa ya ukungu ya nyuma
3 – nyeupe, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi)
4 – kijani, indiketa ya kulia
5 – kahawia, taa ndogo za kulia
6 – nyekundu, breki
7 – nyeusi, taa ndogo za kushoto

Magari mengi ya soko la Japani hayana taa ya ukungu ya nyuma. Pini ya 2 iache wazi. Soma tarakimu zilizochongwa ndani ya soketi, usihesabu kwa macho, kwa sababu ukiitazama kwa nyuma mpangilio unageuka. Tela la Kimarekani lenye plagi bapa ya waya nne ni mambo mengine: nyeupe ni ethi, kahawia taa ndogo, na njano na kijani zinabeba indiketa na breki kwa pamoja. Gari lenye breki na indiketa tofauti linahitaji kigeuzi cha kuunganisha hizo mbili.

Ethi ndiyo chanzo cha malalamiko mengi. Ifunge kwenye chuma tupu cha bodi, kwa bolti na wosha yenye meno, kisha paka grisi juu. Usitegemee kichwa cha kuvutia kupitisha umeme. Ethi ikiwa dhaifu, ukikanyaga breki indiketa za tela zinapumua hafifu, na ukiwasha taa ndogo kila kitu kinafifia: umeme uliokosa njia ya kurudi unapita kwenye nyuzi za balbu nyingine. Ukiona hivyo usibadilishe balbu, fuata waya mweupe.

Jaribu kila pini kwa balbu ya wati 21. Maltimita itaonyesha volti 12 hata kama waya umeshikwa na uzi mmoja wa shaba, lakini balbu itakataa kuwaka vizuri. Taa zote zikikubali, funga raba ya waya kwa silikoni, rudisha sailensa, bampa na taa.

Kupakia na kukagua

Theluthi mbili za uzito zikae juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Pima uzito wa pua (ncha ya mbele ya tela inayokaa kwenye kichwa) kwa mizani ya bafuni na gongo la mbao linalofikia urefu wa kichwa. Kwa tela la kilo 1,200, lenga kilo 60 hadi 84, na usizidishe S ya kibati. Uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa buti. Pua ikiwa nyepesi mno tela litaanza kuyumba mwendo ukiongezeka. Likianza, ondoa mguu kwenye mafuta polepole na ushike usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki ghafla. Minyororo ya usalama ya tela ipishane kwa msalaba chini ya pua, iwe na ulegevu wa kupiga kona tu.

Baada ya kilomita 1,000 za kwanza, rudia torki kwenye kila bolti, hata zile ambazo mstari wa rangi haujakatika. Bolti iliyozunguka zaidi ya robo mzunguko, itoe na utazame chini yake: aghalabu kuna rangi au lami iliyobaki. Isafishe, weka bolti mpya, kaza upya, na uikague tena baada ya kilomita 1,000 nyingine.